Siku tisa za kumrudisha Kitinda

Siku ya kwanza

Kazi yangu ni kuwarudisha kwa wazazi wao watoto waliopotezana nao vitani. Sitaitaja kambi, wala mpaka, wala mto tuliouvuka. Siri ya mtoto ni ya mtoto, na anayetafutwa na mama yake anaweza pia kuwa anatafutwa na mtu asiyemtakia mema. Juu ya faili lao kuna namba tu. Humu mkubwa nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo mdogo wake anavyomwita. Mdogo nitamwita Kitinda. Kaka ana miaka 11, Kitinda ana 6. Usiku ule wa kukimbia, walipopotezana na mama yao, Kitinda alikuwa na miaka 3 na alikuwa mgongoni kwa kaka yake.

Asubuhi nilitandaza picha sita za wanawake juu ya mkeka. Kaka hakungoja hata kuketi. "Huyu," akasema, kidole kikiwa kimeshatua. Nikazichanganya upya, nikamwita mdogo wake. Kitinda akaziangalia moja baada ya nyingine, taratibu, kisha akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake aliyepotea njia.

"Mama hayumo humu. Mama yuko nje anafua."

Upande wa pili tulishaukamilisha. Mwenzangu wa ng'ambo alimketisha mama peke yake, akamwacha aseme: kovu liko mguu gani, nani alikuwa akilala ukutani, neno lipi mtoto alikuwa akilikosea. Majibu yake yakalinganishwa na ya Kaka bila mmoja kusikia ya mwenzake. Hatumwonyeshi mtu mzima mtoto na kumwuliza, "Ni wako?" Aliyepotelewa na wanawe wote anaweza kuitikia ndiyo kwa moyo safi kabisa, kwa jinsi anavyotamani iwe kweli. Na asiye na moyo safi ataitikia ndiyo vilevile.

Imetuchukua karibu miaka mitatu kumpata. Ukimwuliza mtoto mdogo mama yake anaitwa nani, atakujibu, "Mama." Kaka alilijua jina ambalo majirani walimwitia, ambalo silo lililoandikwa kwenye orodha. Na hata jina lenyewe, karani mmoja aliliandika kwa R, mwingine kwa L. Kazi hii ya kutafutana ni ya zamani: Msalaba Mwekundu uliianza Basel mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia ofisi yake ya Geneva ilijaza kadi zipatazo milioni 7. Siku hizi kadi ziko ndani ya kompyuta, lakini herufi moja bado inatosha kumtenga mama na mwanawe.

Ofisini walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilirudi na lile neno la Kitinda. Kwa Kaka, safari hii ni ya kumrudisha kwa mama. Kwa Kitinda ni ya kumtoa kwa mama, mara ya pili maishani mwake.

Siku ya pili

Mama mlezi aliwapokea wiki ya pili tangu waingie kambini. Alikuwa mkimbizi kama wao, amefika na ndoo na mtoto wake mmoja aliyekwisha kuwa mkubwa. Tulimwuliza kama angechukua msichana mdogo. Akauliza, "Na huyu kijana aliyemshika mkono?" Tukamwambia wako wawili, hawatenganishwi. Akasema basi walete wote, mbona mnaniuliza nusu.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito, na watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe katika familia badala ya vituo. Somo hilo lina gharama yake. Mwezi Septemba 1939 Uingereza iliwahamisha watu wapatao milioni 1.5 kutoka mijini kwa siku chache, wengi wao watoto waliopelekwa mashambani bila wazazi. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto wa vita huko Hampstead, London, waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kutengwa na mama kuliwaumiza watoto kuliko mabomu yenyewe. Mama mlezi wetu hajasoma vitabu hivyo. Usiku risasi ziliposikika mbali na kambi, alimweka Kitinda kifuani na kumsimulia habari za sungura.

Leo tumekaa naye kwa saa tatu na daftari. Nilimwomba aniambie kila kitu ambacho mama mzazi atakikuta na asikielewe. Hali chakula akitazamwa, geukia pembeni. Akisema tumbo linamuuma, kwanza mwulize anaogopa nini, dawa baadaye. Akivaa viatu huanza na cha kushoto, ukianza na cha kulia ataanza upya. Hapendi kuambiwa "usilie", mwambie "lia, nipo." Nikaandika kurasa nne. Daftari hili litakwenda na mtoto, na nadhani lina thamani kuliko fomu zote zilizomo kwenye mkoba wangu.

Mwenzetu wa mambo ya habari alitaka kuja na kamera. Nikakataa, tukapishana kauli kidogo. Anaifanya kazi yake, najua. Lakini uso wa mtoto ukishatoka haurudishwi, na mwanamke anayeaga watoto aliowalea hana nafasi ya kutengenezwa mwanga.

Jioni, begi likiwa limefungwa, mama mlezi alinishika mkono mlangoni. "Kaka mmempatia mama. Kitinda mmempatia mama. Na mimi mtanitafutia nani?"

Fomu yetu ina ukurasa wa mtoto, ukurasa wa mzazi na ukurasa wa afisa. Mlezi anayebaki hana ukurasa. Nimeandika swali lake nyuma ya karatasi ya mwisho, neno kwa neno.

Siku ya tatu

Tumeondoka kabla ya jua, watu wakiwa bado ndani. Ndani ya gari ni dereva, mimi, mwenzangu wa kiume na watoto wawili. Kanuni ni kwamba mtoto habaki peke yake na mtu mzima mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi, hata kwa dakika ya kwenda kujaza mafuta. Mama mlezi alitoka hadi njia panda, akampa Kitinda kile kitambaa alichokuwa akimbebea mgongoni, akageuka akaenda zake bila kuangalia nyuma. Tulikubaliana hivyo jana. Aliweza. Mimi sijui kama ningeweza.

Kitinda alilia hadi kituo cha kwanza cha ukaguzi, akatapika, akalala. Kaka hakulia. Amemshika mdogo wake mkono tangu tuanze safari, na nilipomwambia anaweza kumwachia alale vizuri, alinitazama tu.

Mkono huo naujua. Kwa miaka mitatu amelala ameushika. Kambini alimsindikiza chooni, akamngoja mlangoni. Akaacha kwenda kucheza mpira kwa sababu uwanja uko mbali na nyumba. Mwalimu alimsifu kuwa ni mtoto mwenye adabu kupita wote. Tunapenda sana kuwasifu watoto wa namna hii, nasi hatujiulizi wamelipia nini. Mchana, gari likiwa limesimama kivulini, ndipo aliponiambia yeye mwenyewe, bila mimi kumwuliza: mama aliwaambia, "Mshike mdogo wako, usimwachie mkono mpaka nikuambie." Kisha watu wakasukumana, na mama hakuonekana tena. Hajamwambia.

Sikumwambia lolote la busara. Nilimwambia nimesikia. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. La katikati ndilo gumu, kwa sababu mdomo unawahi.

Siku ya nne

Mpakani, kutwa nzima, tukingoja muhuri.

Ofisa mmoja alipitia vibali vyetu akasema kwa upole, "Poleni, yatima hawa." Kaka akasikia. Nikamwambia ofisa kwamba mama yao yu hai na anawangoja. Neno yatima hutolewa haraka mno penye maafa. Mtoto aliyeko peke yake bila mtu mzima wa kumwangalia ni mtoto asiye na mwandamani. Aliyeko na shangazi au bibi lakini si na wazazi ni mtoto aliyetenganishwa. Na wote wawili tunawahesabu kuwa wana ndugu mahali fulani mpaka utafutaji uthibitishe vingine. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, kundi la Wamarekani lilizuiwa likijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika, likisema ni yatima. Ikabainika kwamba wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai. Ndiyo maana sikulalamikia muhuri. Mpaka unaowachelewesha watoto wangu kutwa nzima ndio huohuo unaoweza kumzuia mwingine asiwachukue wa watu.

Jioni, kwenye kituo cha mpito, nilimpigia mama simu ili azungumze na Kaka. Wakaongea vizuri. Kisha nyuma ya sauti ya mama akasikika mtoto mchanga analia.

"Huyo nani?" Kaka akauliza.

Kosa hili ni letu, na kubwa zaidi ni langu. Mwenzangu wa ng'ambo aliitembelea nyumba ile mwezi uliopita, akaandika wazi: mama ameolewa tena, ana mtoto wa miezi mitano. Nilisoma. Nilidhani mwenzangu wa kambini ameshawaambia watoto. Naye alidhani nimewaambia mimi. Viwango vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto, toleo la mwaka 2019, vinataka afisa mmoja asibebe zaidi ya watoto 25. Sisi tumepita hapo siku nyingi, na mambo huangukia katikati namna hii. Hata hivyo, mtoto hajui hesabu yetu. Anachojua ni kwamba watu wazima walimficha jambo.

Nilimwomba radhi. Nikamweleza yote: baba wa kambo ni nani, wanaishi wapi, mtoto ana umri gani. Alinyamaza muda mrefu.

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Anajua kwamba sisi tupo?"

Nikamwambia bado ni mchanga, lakini mama yake anajua, na hakuna siku aliyoacha kujua. Kisha nikamwuliza kama bado anataka kwenda. Halikuwa swali la adabu. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika jambo linalomhusu, na kama angesema hapana tungelala pale siku tatu, nne, tukapiga simu na kupanga upya. Mratibu wangu nilishamwandikia hivyo. Kaka alifikiri.

"Mama alisema nimshike mpaka aniambie. Hajaniambia."

Siku ya tano

Mto umejaa. Tumelala ndani ya gari, kwa zamu. Kitinda amekula mara mbili, mimi nikiwa nimegeukia pembeni.

Siku ya sita

Tulifika saa nne asubuhi. Niliomba mapema watu wasikusanyike, na mwenzangu wa ng'ambo akatupatia chumba tupu cha shule, watoto wakiwa likizo. Mama alishaandaliwa: asikimbie, asimnyakue mdogo, aketi chini, amwache aje mwenyewe. Ni jambo la kikatili kumwomba mama aliyengoja miaka mitatu. Nilimkuta ameketi sakafuni ameubana ukuta kwa mgongo, mikono ameikalia.

Kitinda alijificha nyuma ya sketi yangu. Kaka akasimama mlangoni. Mama akatamka jina lake, lile kamili, na mtoto akatembea hadi mbele yake huku amemvuta mdogo wake, akasimama wima kama aliyetumwa dukani akarudi na mzigo wote.

"Nimemleta," akasema.

Mama hakumgusa Kitinda. Nilikuwa naogopa atamgusa. Alimtazama Kaka, akaona ule mkono, na sijui nani alimwambia, kwa sababu mimi sikumwambia.

"Mwachie sasa," akasema. "Nimekuambia. Mwachie, mwanangu."

Kaka alilegeza vidole kimoja kimoja. Kisha akaanguka kifuani kwa mama yake akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto wa miaka minane. Baba wa kambo alikuwa nje ya dirisha na mtoto mchanga mikononi, akageuza uso. Nilimpenda kwa hilo.

Kitinda aliketi karibu na mlango, na kitambaa chake. Baada ya nusu saa aliuliza, "Tunarudi nyumbani saa ngapi?"

Mama akaweka dole gumba kwenye fomu. Mahali palipoandikwa "mtoto amekabidhiwa" niliweka alama ya ndiyo mbele ya namba zote mbili, kama fomu inavyotaka.

Siku ya saba

Kazi ya siku hii haina picha nzuri. Tulikaa na mama, baba wa kambo, mwalimu mkuu na afisa ustawi wa pale. Shule itawapokea wiki ijayo. Cheti cha Kaka cha kambini kinatambuliwa, darasa litaamuliwa kwa mtihani mdogo. Msaada utatolewa kwa kaya, kimyakimya, na wenye shida wa jirani watahesabiwa pamoja nao, ili isijengeke dhana kwamba nyumba ile imepata bahati kwa ajili ya watoto. Ziara ya kwanza baada ya wiki moja, halafu wiki mbili, halafu kila mwezi, hadi miezi sita. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, katika kifungu cha 25 unaitaka serikali ichukue kila hatua kuwatafuta na kuwaunganisha na wazazi au ndugu watoto waliotenganishwa na vita au maafa. Kuwaunganisha ni miezi mingi, wala si ile nusu saa ya chumba cha shule.

Baada ya kikao mama aliniita pembeni. "Ananiita shangazi," akasema. Alilitamka polepole, kama anayesoma barua ya daktari. "Usiku ameita mama. Nikaenda. Akanisukuma, si mimi aliyekuwa anamwita."

Nilimpa daftari, nikamsomea kurasa zote nne. Alisikiliza bila kunikatiza. Kwenye habari za kiatu cha kushoto alitabasamu, akasema hata baba yao alikuwa hivyo. Kisha nikasema jambo nililolihofia tangu siku ya kwanza: kwamba itamfaa Kitinda kumsikia mama mlezi kwenye simu, leo na siku nyingine, na kwamba tukimkatia kamba ile ghafla hatakuwa wa huku haraka zaidi, atajifunza tu kwamba mama ni mtu anayetoweka.

Wapo wenzangu wasiokubaliana na hili. Wanasema simu hurudisha kidonda nyuma. Nimewasikiliza miaka yote na bado sikubaliani nao, kwa sababu nimeona watoto waliokatiwa.

Mama aliukubali ushauri baada ya kimya kirefu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeishika simu sikioni mwa mtoto, mkono ukimtetemeka. Kitinda akaongea habari za mto, za gari, za mtoto mchanga asiye na meno. Alipomaliza akainuka akaenda kumtazama mchanga. Simu ikabaki kwa mama, haijakatika.

Nilisogea mbali. Sikusikia waliyoambiana. Nilichoona ni mama akiitikia kwa kichwa, tena na tena, mtu wa upande wa pili asimwone.

Siku ya nane

Njiani kurudi. Kiti cha nyuma ni kitupu. Sikuandika kitu.

Siku ya tisa

Nilikwenda kwa mama mlezi kabla ya kwenda ofisini. Alikuwa anafua. Nilimpa mchoro wa Kitinda: nyumba mbili na gari katikati, gari limechorwa kubwa kuliko nyumba zote. Aliukausha mkono kwanza, ndipo akaupokea.

Nilimweleza lile swali lake limefika wapi. Nimeliandika kwenye ripoti, na nimeomba ziara za ufuatiliaji zimhusu yeye pia kwa miezi ile ile sita, na kwamba asipewe mtoto mwingine haraka ili tu pengo lionekane limezibwa. Bado sijajibiwa. Nilimwambia bado sijajibiwa.

Alinisikiliza, lakini mawazo yalikuwa kwingine. Akaweka mchoro chini, akashtuka.

"Giza," akasema. "Sikukuandikisha habari za giza. Mlango ukifungwa wote hapumui vizuri. Lazima uachwe wazi kiasi cha kidole. Hukuwaambia?"

Sikuwaambia. Halikuwemo kwenye daftari. Hapo hapo nikapiga simu ng'ambo, akapokea mama, nikaanza kumweleza habari za mlango.

"Najua," akasema. "Kaka alinionyesha usiku wa kwanza."

Nikampa mama mlezi simu, nikaketi kando ya beseni.